Naomba ushauri: mpangaji kagoma kulipa miezi sita kwa mkupuo, anasubiri sheria mpya

Wakuu, heshima kwenu. Nina vyumba vya kupangisha hapa Uyole, Mbeya. Wapangaji wamesikia serikali inaandaa sheria ya kusimamia upangaji, basi mmoja kagoma kulipa miezi sita kwa mkupuo, anataka mwezi kwa mwezi. Ninavyojua, ile sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, tukabaki na Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba. Mikataba yenyewe ni karatasi ya daftari na sahihi ya balozi wa nyumba kumi, umeme wa Luku wanachangia (ugomvi kila wiki). Nikikubali mwezi kwa mwezi, notisi niandike ya muda gani? Na je, mkataba wa sasa utaguswa sheria ikipita? Wanasheria na wenye nyumba wenzangu, nisaidieni.