Naomba ushauri: siku tisa za baiskeli kando ya mifereji ya kusini mwa Ufaransa, na mmoja wetu ana goti bovu

MwendaPole

Wanajamvi, habari zenu.

Mimi na mke wangu tumestaafu mwaka huu, na tumekubaliana kutumia siku tisa za mwezi wa Septemba kuendesha baiskeli taratibu kando ya maji. Mpango niliouandika ni kuanzia Toulouse, kuufuata mfereji wa Canal du Midi mpaka unapoingia katika ziwa la chumvi la Thau karibu na Sète, mwendo wa kilomita 240 hivi, kisha nguvu zikibaki turudi kwa treni na kuonja kipande cha Canal de Garonne upande wa magharibi. Nimegawanya 240 kwa siku nne, nikapata kilomita 60 kwa siku, hesabu ambayo kwenye karatasi inaonekana nyepesi kwa sababu mfereji hauwezi kupanda mlima.

Yapo mambo matatu yanayonitia wasiwasi. Mke wangu ana goti la kushoto linalovimba anapokanyaga pedeli kwa nguvu, ingawa kwenye tambarare huendesha saa mbili bila kulalamika. Baiskeli zetu zina matairi ya milimita 28, nami nimesikia kwamba njia hiyo si lami mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya hayo, sisi si watu wa kukimbizana; tukikuta mashua inapandishwa katika malango ya maji, yaani vyumba vinavyojazwa au kupunguzwa maji ili mashua ipande au ishuke, tutasimama tuangalie hadi itoke upande wa pili, hata ikichukua nusu saa. Je, mpango huu unafaa, au nimejidanganya mwenyewe?

Bi_Keria

Shikamoo mzee wangu, na salamu kwa mama.

Hesabu yako ina kosa ambalo nami nililifanya mara ya kwanza, nalo ni kudhani kwamba tambarare ni mapumziko. Barabara yenye vilima hukutesa unapopanda, lakini ukishuka miguu hutulia, unainuka kitini, damu inatembea. Kando ya mfereji hakuna mteremko wa kukupumzisha: pedeli huzunguka tangu asubuhi hadi jioni, na mwili hukaa mkao uleule saa baada ya saa. Siku yangu ya pili, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikufa ganzi kiasi kwamba nilishindwa kufunga zipu ya mkoba, na ganzi ile ilichukua zaidi ya wiki kuisha. Sikuwa nimepanda kilima hata kimoja.

Kwa hiyo msipange kwa kilomita peke yake. Pangeni saa nne za kukaa kitini kwa siku, mshuke kila baada ya dakika 30 au 40 hata kama hamjachoka, na mbadilishe mara kwa mara mahali pa kushika usukani. Kwa mwendo wenu hiyo ni kama kilomita 40, siku nyingine 35.

Kuhusu goti, anzeni na kimo cha kiti kabla ya kununua chochote. Mama akae kitini, aweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Akirudisha pedeli chini ya sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa. Kiti kilicho chini mno hulikandamiza goti upande wa mbele kila mzunguko. Kisha atumie gia nyepesi na kuzungusha miguu haraka, badala ya gia nzito inayomlazimisha kusukuma.

FundiSpoki

Naunga mkono, nami niseme habari ya njia yenyewe, kwa sababu hapo ndipo mzee atakapoumia.

Kutoka Toulouse hadi Port-Lauragais, kiasi cha kilomita 50, ni lami safi. Ukishavuka Naurouze na kuingia wilaya ya Aude, mambo hubadilika: vipande vingine vimetengenezwa vizuri, vingine ni changarawe, na kuanzia Trèbes kuelekea Béziers utakutana na kijia chembamba cha udongo kilichojaa mizizi ya mikuyu ya Ulaya iliyopandwa ukingoni. Mizizi ile imeinuka kama mishipa ya mkono wa mvuvi. Tairi la milimita 28 lenye upepo mwingi hupokea kila pigo na kulipeleka moja kwa moja kwenye rimu, na kama mzigo wote uko kwenye keria ya nyuma, gurudumu la nyuma ndilo linaloadhibiwa.

Mimi nilikata spoki mbili kwa siku moja, zote za nyuma upande wa gia. Ya kwanza niliisikia ikilia kama uzi wa gitaa, nikajifanya sikusikia. Ya pili ilipokatika, rimu ilipinda ikaanza kusugua raba za breki kila mzunguko, na kwa kuwa kuzibadilisha spoki za upande huo ni lazima kwanza ung'oe gia zote kwa kifaa maalumu ambacho sikuwa nacho, nilifungua breki ya nyuma na kusukuma baiskeli kilomita 11.

Kama fremu na breki zinaruhusu, wekeni matairi ya milimita 38 au 40 na mpunguze upepo. Kama haziruhusu, bakini kwenye lami. Chukueni tyubu mbili za akiba kwa kila baiskeli, na mkaguliwe mkazo wa spoki na fundi mwenye mkono mzuri kabla ya safari.

Kasia

Kwa nini hamfikirii mto? Njia ya Loire ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka Nevers hadi Saint-Brevin-les-Pins kwenye Atlantiki. Mnafuata maji yanakoelekea, kwa hiyo njia nzima ni kushuka.

Ukingoni

Ndugu Kasia, Loire ni nzuri, lakini kushuka huko ni kwa ramani tu. Mteremko wa mto kama ule ni mdogo mno hata mguu hauutambui, ilhali upepo wa kawaida wa upande ule hutoka magharibi, yaani unakupiga usoni unapoelekea baharini. Tena njia ya mtoni haikai ukingoni wakati wote. Mto hufurika, hivyo njia hupandishwa juu ya tuta au huhamishwa mbali, na pale ambapo genge limeukaribia mto unalazimika kupanda juu yake. Mwenye goti bovu mfereji unamfaa zaidi.

Mzee MwendaPole, pendekezo langu ni kuugeuza mpango wako: fanyeni Canal de Garonne ndiyo safari yenyewe, na Canal du Midi iwe nyongeza. Canal de Garonne una kilomita 193 kutoka Castets-en-Dorthe hadi Toulouse, na karibu njia yote ni lami. Katika urefu huo mfereji hupanda mita 128 kwa malango 53, ambayo ni chini ya mita mbili na nusu kila lango, kwa hiyo mama atakutana na vijilima vifupi vya kumalizwa kwa mizunguko michache ya gia nyepesi. Shukeni treni Langon, kilomita chache kutoka mfereji unapoanza. Mkianzia Bordeaux kwa baiskeli mtapita njia ya reli ya zamani inayopanda na kushuka, na hakuna sababu ya kulichokoza goti siku ya kwanza.

Msidhani kwamba mtaukosa uzuri. Agen kuna daraja la mawe lenye matao 23 na urefu wa zaidi ya nusu kilomita, na kinachopita juu yake ni mfereji wenyewe: unaendesha ukingoni, mashua iko ubavuni mwako, na Mto Garonne uko chini ya nyote wawili. Moissac kuna abasia, yaani makao ya kale ya watawa, ambayo ua wake wa nguzo ulikamilika mwaka 1100, na mji huo unastahili siku nzima ya kupumzika.

Faida nyingine, ambayo watu huigundua wakishapata shida, ni kwamba reli ya kutoka Bordeaux hadi Toulouse hupita Agen, Moissac na Montauban, halafu ile ya kuelekea Sète hupita Castelnaudary, Carcassonne, Narbonne na Béziers. Goti likigoma, mnatafuta kituo na safari inaendelea kwa treni.

MwendaPole

Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma majibu yote na ameniambia kwamba hesabu ile ya 60 aliitilia shaka tangu mwanzo, ila alinyamaza.

Tumeamua tuanzie Langon, siku tano hadi Toulouse, siku moja Moissac, kisha siku mbili hadi Castelnaudary tukilala Villefranche-de-Lauragais, na siku moja ya akiba. Swali lililobaki: kijana wetu anataka kumkodia mama yake baiskeli ya umeme. Mnasemaje?

FundiSpoki

Baiskeli ya namna hiyo mara nyingi ina uzito wa kilo 25 kabla ya mzigo. Kwenye ngazi za kituo ambacho lifti yake imeharibika, nani ataibeba? Mimi ningemwachia baiskeli yake, nikaongeza gia nyepesi.

Bi_Keria

Hapo nakupinga, fundi. Anayeumwa goti hupimwa na saa ya nne, siyo ya kwanza, na ule msaada mdogo wa mota upepo unapovuma ndio unaoamua kama kesho ataendesha. Wang'oe betri kabla ya kuinyanyua, uzito hupungua kilo kadhaa. Akodi moja, yake tu, na waulize mapema nyumba watakazolala kama betri inaweza kuchajiwa ndani.

Ukingoni

Nami niko upande wa Bi_Keria, hasa kwa sababu ya upepo. Kutoka Langon hadi Castelnaudary mnaelekea kusini-mashariki, na kwa kawaida upepo wa magharibi utawasukuma mgongoni. Ila eneo la Lauragais lina upepo uitwao autan, unaotoka kusini-mashariki, na ukianza huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Siku ile ya akiba iwekeni mwisho, kwa ajili yake.

Mambo mawili ya njiani. Chini ya madaraja njia hushuka ghafla na kupinda, nanyi hamtamwona anayekuja. Pigeni kengele na mpite mmoja mmoja. Halafu, kabla ya kufika Castelnaudary, simameni Naurouze, karibu mita 190 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kabisa pa Canal du Midi. Pierre-Paul Riquet, aliyeujenga mfereji huo kuanzia 1666 na kufariki mwaka 1680 miezi michache kabla ya kukamilika, alileta hapo maji ya milima ya Montagne Noire ili yagawanyike, sehemu iende upande wa Atlantiki na sehemu upande wa Mediterania. Kuna kivuli cha kutosha cha kukaa saa nzima.

Castelnaudary fikeni kituoni mapema, mvue mikoba yote kwenye keria treni ikiwa bado haijaingia, na mama apande kwanza akiwa mikono mitupu ili ampokee mzee baiskeli akiwa ndani.