Mchoro wangu juu ya picha unaonekana kama stika, nakosea wapi?

benchi_tupu:
Habari wakuu. Nina kama miezi mitatu napiga picha sehemu za kawaida tu, ngazi, korido, parking, halafu nachora vitu vya ajabu juu yake kwa tableti. Sasa juzi nimepiga kituo cha basi jioni, hakuna mtu, nikachora samaki mkubwa kakaa kwenye benchi anasubiri basi kama abiria yeyote. Samaki mwenyewe katoka vizuri, magamba nimehangaika nayo siku mbili nzima, lakini ukimuangalia pale ni stika iliyobandikwa kwenye friji. Nimempunguzia rangi, nimemuwekea kivuli, wapi. Natumia Krita, programu ya kuchorea.

wino_mzito:
Kivuli umekiweka wapi mkuu? Wengi wanaweka kile kirefu kinacholala chini halafu wanasahau kile chembamba pale vitu viwili vinapogusana. Kaa kwenye benchi uangalie paja linapokutana na mbao, pana weusi mzito kabisa halafu unafifia haraka, sentimita mbili tatu umeisha. Huo ndio utakaomkalisha huyo samaki, bila huo anaelea. Fungua leya (tabaka) mpya uiweke Multiply, ile hali inayotia giza kilicho chini yake, na usichukue nyeusi tupu, chukua rangi ya kivuli kilichopo tayari kwenye picha, jioni huwa vinaelekea bluu.

benchi_tupu:
Duh. Nimeweka kimoja tu, tena nyeusi tupu 😅

jicho_la_tatu:
Kivuli sawa ila mi naona shida imeanza mapema zaidi. Ulipiga umesimama au umechuchumaa? Maana samaki lazima aonekane kwa jicho lile lile la kamera. Vuta mistari ya benchi na ya paa inayokwenda mbali mpaka ikutane, pale inapokutana ndio usawa wa kamera yako, kilicho juu ya hapo tunakiona kwa chini na kilicho chini tunakiona kwa juu. Wengi tunachora kiumbe kwa ubavu kama cha kitabu cha baiolojia halafu tunakitupia kwenye picha.
Halafu kuna kitu chochote cha kwenye picha kinachomziba? Nguzo, mguu wa benchi, hata jani. Kama yuko mbele ya kila kitu basi ni stika tu hata ukimchora mwaka mzima. Maski ya dakika tano, yaani kuficha sehemu ya mchoro iliyo nyuma ya kitu, inatosha.

mzee_wa_negativu:
Vijana mna raha. Jerry Uelsmann, mpiga picha wa Marekani, alifanya haya chumba cha giza cha kusafishia picha, karatasi moja anaihamisha kutoka mashine moja ya kukuzia picha kwenda nyingine, kila mashine na negativu yake, na hakuna Ctrl+Z.
La kuongezea: picha ya jioni ina chembechembe, mchoro wako msafi kama sahani. Mpitishie noizi kidogo na yeye.

benchi_tupu:
Nimerudi. Kumbe nilipiga nimechuchumaa, usawa wa kamera uko kwenye mapezi, na mimi nimemchora kama namuona toka ghorofani!! Kichwa nimekichora upya chote, mkia nimeupitisha nyuma ya mguu wa benchi, na ule weusi mwembamba chini ya tumbo umefanya kazi kuliko yale magamba yote. Noizi bado naipimapima. Dada kapita nyuma yangu kaangalia weee, kauliza mbona hana begi.

wino_mzito:
Mpe begi bana. Ila ukilichora, nalo linataka kivuli chake 😂