Skeli za meja: nijifunze zote 12, au C inatosha na transpozi?

Kinubi_Moro: Wakuu, nimepata walimu wawili wa kinanda, Jumatatu nalipa ada ya mmoja. Wa kwanza anasema nishike skeli ya C meja tu (do-re-mi inayoanzia C), na wimbo ukiwa ki nyingine, yaani do ikiwa noti nyingine, nibonyeze transpozi, kile kitufe cha kuhamisha sauti ya kinanda juu au chini. Wa pili anataka skeli zote 12. Nishaurini.

Sauti_ya_Nne: Mbona maelezo nusu? Kinanda cha funguo ngapi? Unapigia kwaya au unajifurahisha nyumbani?

Mama_Soprano: Na unasoma nini, stafu (noti za mistari mitano) au solfa (do-re-mi)?

Kinubi_Moro: Samahanini. Kinanda ni cha kanisa, funguo 61, napigia kwaya. Solfa nasoma vizuri, stafu bado.

Sauti_ya_Nne: Basi skeli unayo kichwani tayari. Nusu toni (hatua ya funguo jirani) ziko mbili tu, mi–fa na ti–do, kwingine toni nzima (nusu mbili). Weka do kwenye G, fuata hatua hizohizo, F shapu (nyeusi iliyo juu tu ya F) inajileta yenyewe. Weka do kwenye F, utaikuta B flati (nyeusi iliyo chini tu ya B). Nenda kwa wa pili.

Jadi_Pwani: Mimi transpozi imeniokoa miaka mingi. Mwanzishaji akipandisha wimbo ghafla, nabonyeza, tunaendelea.

Mama_Soprano: Sisi ilitutesa. Harusi ya mdogo wangu, kanisa tulilokwenda lina piano ya mbao, kitufe hicho hakuna. Wimbo uko E flati, mpigaji wetu anajua C pekee. Akaushusha hadi C, sauti ya nne (besi) wakazama hawasikiki. Akajaribu kurudi E flati katikati ya ubeti, kila penye B flati anagonga B. Bibi harusi kasimama mlangoni. Tukamalizia bila kinanda, na yule kijana alilia sakristia. Simlaumu yeye, namlaumu aliyemfundisha.

Vidole_Vitano: Aanze na B meja. Chopin aliwaanzishia wanafunzi wake hapo, kwa sababu vidole virefu vinalala kwenye nyeusi na dole gumba linabaki kwenye nyeupe.

Jadi_Pwani: Shapu tano kwa mtu anayeanza? F meja inatosha. Angalia tu mkono wa kulia: dole gumba (ndilo la kwanza) linapita baada ya kidole cha nne, si cha tatu kama C.

Sauti_ya_Nne: Na solfa aiache, ahamie stafu.

Mama_Soprano: Aiache kwa nini? Do inahama na ki, ndiyo maana skeli anaielewa. Kwaya zetu zimeimba sauti nne kwa solfa tangu enzi za wamisionari.

Sauti_ya_Nne: Kuimba sawa. Mkono wa kushoto utausomaje?

Kinubi_Moro: Asanteni. Ila wa pili ada yake ni mara mbili, na ana nafasi Jumamosi tu, siku ya mazoezi ya kwaya.

Vidole_Vitano: Hicho kinanda cha kanisa, katikati ya wiki wanakuruhusu kukigusa?