Leela kwenye kadi ya picha au Stockfish kwenye prosesa: ipi haimalizi LUKU?

FarasiMweusi: Wakuu, nachambua mechi zangu za chesi usiku. Kuna jamaa ananiuzia kadi ya picha RTX 3090 ya mtumba nitembezee Leela, programu ya chesi inayotumia mtandao wa neva (hesabu inayojifunza kwa mifano). Kadi ni wati 350: saa nane ni uniti 2.8. Prosesa yangu, Ryzen 5950X, imeandikwa wati 105, na Stockfish, programu nyingine ya chesi, haihitaji kadi. Nisaidieni hesabu, mapenzi wekeni pembeni.

MtuWaLeela: Hesabu ya nini? Mwaka 2017 AlphaZero, programu ya Google, iliichapa Stockfish mia kwa bila. Mtandao wa neva ni kadi, basi.

WatiMbili: Hiyo mia umeiota. Mechi 100, ilishinda 28, sare 72. Ilicheza kwa TPU 4 (chipu za Google za mitandao ya neva), na kabla ya hapo TPU 5,000 zilizalisha mechi za kujifunzia. Bili ni ya Google, si ya LUKU yako. Stockfish ikapewa hashi (kumbukumbu ya nafasi ilizokwisha kupima) ya GB 1 tu kwa nyuzi 64 za hesabu zinazokwenda pamoja, sawa na kumpa mpishi wa harusi sufuria ya chai.

MtuWaLeela: AlphaZero ilitazama nafasi 80,000 kwa sekunde, Stockfish milioni 70. Mwenye akili nani hapo? Wahesabu uniti nendeni kijiweni mkacheze drafti ya vizibo.

KingiNdefu: Nilikuwa napita tu, ila vizibo vimeniuma. Njoo kijiweni na hiyo akili yako uone kama utatoka na nauli.

MtuWaLeela: Drafti ilishamalizwa na Chinook, programu ya Schaeffer, 2007. Wote wakicheza bila kosa ni sare. Mchezo umekufa huo.

KingiNdefu: Kingi wa Chinook anatambaa hatua moja moja! Wetu anafagia mstari mzima. Huo kaumaliza nani? Na walianza 1989. Miaka 18 ya umeme, jibu sare. Mzee wa kijiweni angekwambia kwa kikombe cha kahawa.

WatiMbili: Turudi. Tangu Stockfish 12, Septemba 2020, nayo ina mtandao wa neva, NNUE, aliobuni Yu Nasu kwa ajili ya shogi, chesi ya Kijapani. Hatua moja ya mchezo inagusa kete chache, kwa hiyo safu ya kwanza ya mtandao inarekebishwa tu, haihesabiwi upya. Ndiyo maana prosesa inatosha.

MtuWaLeela: Na mitandao hiyo wanaifundisha kwa data ya nani? Ya Leela! Kadi zetu ziliungua kuizalisha ndipo wewe ukajisifia wati 105. Unakula pilau halafu unacheka moshi wa jikoni.

WatiMbili: Sawa, asanteni kwa moshi. Ila aliyeuliza ni mlaji, bili yake inaanzia sahani.

KingiNdefu: Suala la kingi mmelikwepa wote.

FarasiMweusi: Jamani, ninunue nisinunue? Muuzaji anasema kuna mteja mwingine yuko njiani.

KingiNdefu: Huyo mteja yuko njiani tangu Kariakoo haijajengwa.