Wagombea urais wazito wanne, tiketi moja: tupeane uzoefu wa mchujo

Mdau wa Kondele
Wadau, hamjambo. Kuna vyama vinavyotafuta mgombea urais kwa tochi, na kuna vinavyojikuta na watatu, wanne, ambao yeyote kati yao angepeperusha bendera bila kuaibisha mtu. Hapa Kisumu watu wakiona hivyo husema chama kimegawanyika. Mimi naona ni neema, mradi mchujo uendeshwe sawasawa. Wenye kuijua kazi hii, mwagieni hapa. Habari ya nani anafaa zaidi tumwachie kinyozi.

Mzee wa Faili, Kakamega
Ahsante ndugu. Kabla ya yote, kubalianeni nani anapiga kura. FORD, chama cha upinzani, ilivunjikia hapo hapo mwaka 1992. Kambi ya Matiba na Shikuku ilitaka wanachama wote wapige kura moja kwa moja. Kambi ya Jaramogi Odinga ikataka wajumbe. Kila mmoja alishajua njia ipi inamfaa mtu wake, kwa hivyo hakuna aliyelegeza. Zikazaliwa FORD-Asili na FORD-Kenya. Katika uchaguzi wa Desemba Matiba akapata asilimia 26, Jaramogi 17, na Moi akarudi Ikulu kwa 36. Jumlisheni wenyewe.

Kanuni za uteuzi zipitishwe kabla fomu za kugombea hazijauzwa. Mkifuata njia ya wajumbe, ziseme kila kaunti ina wajumbe wangapi, wanachaguliwa na nani, na orodha inafungwa tarehe ngapi. Ikishafungwa, kila mgombea apewe nakala yenye majina na nambari za vitambulisho, kila ukurasa umepigwa muhuri. Mjumbe anayeingizwa usiku wa kuamkia mkutano ni kesi inayotembea.

Mama Wakala, Bungoma
Mkiamua wanachama wote wapige, shida ni sajili. Wengi wameandikishwa katika chama wasichokijua, na wengine wanajiita wanachama wa kufa na kupona na jina halipo. Kila mtu aangalie hali yake mapema kwenye huduma ya Msajili wa Vyama katika eCitizen, ili makosa yarekebishwe sajili ikiwa bado wazi.

Siku yenyewe mambo huharibika kwa mpangilio ule ule kila mara. Karatasi zinafika saa nane mchana. Kituo kinahamishwa kutoka shule ya msingi hadi kwa chifu bila tangazo. Halafu sajili "imesahaulika", na msimamizi anaamua kila mwenye kitambulisho apige. Hapo wafuasi wa chama kingine wanakuja kuwachagulia mgombea dhaifu, na wanafanya hivyo wakicheka. Kituo kisicho na sajili kisifunguliwe, hata watu wapige kelele vipi.

Mawakala waandike nambari za vifungo vya sanduku asubuhi, na kabla ya kufungua jioni wazilinganishe. Fomu ya matokeo ijazwe papo hapo, tarakimu na maneno, kila wakala atie sahihi, nakala ibandikwe mlangoni. Anayekataa kutia sahihi aandike sababu. Asipoandika, kesho yake atakuja na sababu kumi.

Mzee wa Hesabu, Nakuru
Mmesahau kitu kimoja. Wagombea wakiwa wawili hesabu haina matata. Wakiwa watatu au zaidi, anaweza kushinda mtu ambaye wengi hawamtaki. Tuseme wajumbe ni 400: A 150, B 130, C 120. A anatangazwa, na 250 wanaondoka ukumbini wamenuna.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni duru ya pili kati ya wawili wa juu, siku hiyo hiyo. Wajumbe wakishapanda basi kurudi Busia au Kericho hamtawaona tena. Ya pili ni kila mpiga kura kuandika 1, 2, 3 kwenye karatasi moja. C akitolewa, zile 120 zinagawanywa kwa kufuata chaguo la pili: tuseme 95 kwa B na 25 kwa A. B anapata 225, A 175. Demokrati wa Marekani walitumia mtindo huu mwaka 2020 katika baadhi ya majimbo, kama Alaska na Kansas.

Onyo: wengi watatia alama ya vema kwa mtu mmoja tu wakaishia hapo. Kanuni iseme mapema kuwa hiyo ni sawa na 1, na kwamba mtu huyo akitolewa kura hiyo haihami. Karatasi za aliyetolewa zipangwe mezani kwa mafungu ya 25, mawakala wote wamesimama wakiona. Kompyuta ije baadaye kuthibitisha tu.

Bi Msuluhishi, Milimani
Hesabu sawa mzee, lakini aliyeshindwa anaenda wapi? Katika mchujo wa ODM pale Kasarani, tarehe 1 Septemba 2007, Raila alipata kura 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Pengo lilikuwa kubwa, ila walioshindwa hawakurudishwa nyumbani. Mudavadi akawa mgombea mwenza, na Pentagon, yaani timu ya vigogo wa ODM, ikazunguka nchi jukwaa moja. Mwaka 2012 mambo yaligeuka: Mudavadi akalalamikia kipengele cha katiba ya ODM kilichompa kiongozi wa chama tiketi moja kwa moja, akaenda chama cha UDF. Ruto naye alikuwa ameshaelekea chama cha URP. Mchujo uliokuwa na ushindani ndio uliowashikanisha. Wengine mtanipinga, sawa tu.

Hata Obama, ambaye Kogelo wanamwita wao, alivutana na Hillary Clinton kwa tiketi ya Demokrati hadi Juni 2008, kisha akamfanya waziri wake wa mambo ya nje. Biden, aliyejitoa mapema katika mchujo ule ule, akawa makamu.

Kwetu jina la mgombea mwenza lazima litajwe kabla ya uchaguzi, na nafasi ni moja. Msiwaahidi watatu.

Mdau wa Kondele
Bi Msuluhishi, na aliyeshindwa akikataa kabisa, anaweza kwenda kama mgombea huru?

Mzee wa Faili, Kakamega
Nijibu mimi. Katiba inataka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 mchujo ulipaswa kuisha 22 Aprili, na uchaguzi ulikuwa 9 Agosti, kwa hivyo mlango wa kujiuzulu chama ulifungwa 9 Mei. Hizo ni siku 17, na ndani yake kuna malalamiko ya ndani ya chama, ambayo lazima yajaribiwe kwanza, kisha Jopo la Mizozo ya Vyama, kisha Mahakama Kuu. Anayetaka urais bado atahitaji wapiga kura 2,000 wa kumpendekeza katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24. Chama kikipanga mchujo wiki mbili mapema zaidi, kesi zitasikizwa kwa utulivu. Kikichelewa, aliyeshindwa atahama kabla hata hajasikizwa.