Mjadala: Kijana msanii wa Kigoma ashike fani moja, au aimbe, acheze na kuigiza kwa pamoja?

MTOA MADA (Mwanga, Kigoma)

Wadau, salaam. Kwenye kikao cha vijana wa sanaa hapa mjini, mtu mzima mwenye heshima zake alisimama akasema vijana wetu hawatoki kwa sababu wanashika kila kitu. Leo kijana anaimba, kesho ni densa kwenye video ya mwenzake, keshokutwa anaigiza vichekesho vya kwenye simu, na wiki ijayo utamsikia redioni akisoma matangazo. Ushauri wake: chagua fani moja ukae hapo, mshika mbili moja humponyoka. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikubaliani naye na naomba tulijadili kwa uwazi, kwa kuwa ushauri huu wanaubeba watoto wa kidato cha nne wanaoamua maisha yao.

Kwanza, tuwaangalie waliotangulia. Steven Kanumba alitoka Shinyanga, akaivia Kaole, kikundi cha maigizo ya televisheni, kabla filamu hazijambeba. Ray naye alipita humo, na Lulu aliingia akiwa mtoto. Upande wa muziki, Ruge Mutahaba alianzisha THT (Tanzania House of Talent), nyumba ya kukuza vipaji, mwaka 2005, na pale kijana hakufundishwa kushika maiki tu. Alifundishwa kucheza, kusimama jukwaani na kupokea amri ya mwalimu. Mwasiti, ambaye asili yake ni Kigoma, ni zao la nyumba ile. Msami alifahamika kwa kucheza, baadaye akaimba. Hawa wote walijifunza mengi pamoja, wakiwa na wenzao, chini ya mtu anayewasimamia.

Pili ni tumbo. Kigoma hakuna soko la kumlisha densa peke yake wala mwigizaji peke yake. Kazi inayolipa hapa ni harusi, uzinduzi, sherehe za kiserikali, na mashirika yanayotaka kupeleka ujumbe wa chanjo au mazingira vijijini. Anayekuja kukuajiri anataka kikundi kimoja kinachoanza na ngoma ya kukusanya watu, kinaweka igizo katikati na kufunga kwa wimbo. Mwambie kijana achague moja, umemnyima theluthi mbili za kazi.

Tatu, fani hizi zinalishana. Kuna kikundi nakifuatilia, hurekodi vichekesho karibu na mwalo wa Kibirizi. Simu imefungwa kwenye fimbo kwa mpira wa baiskeli. Boti ikiwasha injini, wote wananyamaza na kuganda walivyo mpaka ipite, kisha wanaendelea kutoka neno lile lile. Msichana aliyeanza kama densa ndiye anayeokoa picha. Anajua mguu wake ulikuwa wapi kabla boti haijapita, anajua asimame wapi asimzibe mwenzake, na anawahesabia wengine kwa sauti ya chini ili warudie kwa pamoja. Hakufundishwa uigizaji na mtu. Ameutoa kwenye mazoezi ya kucheza.

Msimamo wangu basi: kijana asichague kwanza. Aingie kikundini hapa hapa, ajifunze zote, na kuchagua kutakuja baadaye.

MDAU WA UJIJI

Mtoa mada, nakuheshimu lakini hapa unawapoteza vijana. Mimi nina studio ndogo, nawaona kila siku. Kijana anakuja kurekodi, beti ya pili hajamaliza kuandika, sauti imekauka kwa sababu jana alikuwa anapiga kelele kwenye vichekesho mpaka usiku. Nikimwambia akapumzike arudi kesho, kesho ana mazoezi ya kucheza. Wimbo unakaa kwenye kompyuta yangu miezi.

Halafu mifano yako ina upande wa pili. Diamond na Alikiba, wote asili yao ni huku kwetu, walijulikana kwa kitu kimoja: muziki. Diamond alipochukua tuzo za muziki za Kili mwaka 2010 hakuwa na televisheni wala redio. Wasafi, televisheni na redio yake, ilikuja miaka mingi baadaye, jina likiwa tayari limesimama. Peter Msechu alikwenda Tusker Project Fame, shindano la kuimba la Afrika Mashariki, mwaka huo huo akafika nafasi ya pili kwa kuimba tu. Wema Sepetu alikuwa Miss Tanzania 2006 ndipo filamu zikamfungulia mlango. Jina kwanza, mengine yanafuata. Ninyi mnaanza na mengine, jina hamna.

MTOA MADA

Ndugu yangu wa Ujiji, kuhusu sauti kukauka uko sahihi kabisa na vijana wakusikie. Ratiba ni sehemu ya kazi, na asiyeiheshimu hata fani moja itamshinda.

Ila unachanganya kile ambacho watu wanakinunua na kile ambacho msanii amejifunza. Diamond watu walimnunua kwa wimbo, lakini mtazame jukwaani: anacheza na madansa wake mstari mmoja, hatua kwa hatua, na kwenye video anaigiza. Desemba 2019 alipokuja Uwanja wa Lake Tanganyika kuadhimisha miaka 10 ya muziki wake, watu hawakwenda kusikiliza sauti peke yake, hiyo wangeisikia redioni. Walikwenda kuona shoo, na shoo haifanywi na mtu anayejua kuimba tu.

MAMA MZAZI, KASULU

Wanangu, nimesoma yote. Mnabishana fani moja au tatu, hakuna aliyegusa linalotunyima sisi usingizi. Binti yangu anacheza, na anacheza vizuri, sikatai. Ameshapigiwa simu na watu asiowajua: njoo kuna video, njoo kuna filamu, njoo peke yako, tunarekodi usiku. Malipo ni soda na chipsi na ahadi kwamba utaonekana. Akiwa na fani tatu, maana yake ni wanaume wa aina tatu wanampigia simu.

Mnasema kikundi. Kiongozi wa kikundi ni nani? Nani anamjua? Mimi sipingi sanaa, baba yangu alipiga ngoma za Waha kwenye harusi mpaka uzee. Lakini ngoma zile zilipigwa uani, watu wote wanaona. Nataka mniambie nani anamwona mwanangu.

MTOA MADA

Mama, shikamoo. Umeuliza swali zito kuliko langu.

Ninachokiona kwenye vikundi vinavyokwenda vizuri ni haya. Hakuna anayekwenda kurekodi peke yake, hata kama aliyeita ni mtu maarufu. Anayeita anazungumza na kiongozi, na kiongozi anamjulisha mzazi mahali, saa na malipo. Aliye chini ya miaka 18 mzazi wake anasaini, asiposaini haendi. Mazoezi ni mchana, mahali pa wazi, na mzazi anaingia muda wowote bila kuomba ruhusa. Kikundi kinachomzuia mama kuingia kwenye mazoezi, mtoe mwanao siku hiyo hiyo. Na viongozi wasiwe wanaume watupu, hilo wala tusilijadili.

Anayehangaika peke yake na simu yake hana hata moja kati ya haya. Ndiyo maana nang'ang'ania kikundi.

DENSA, YUKO DAR

Mimi ni mtoto wa Gungu, nipo Dar sasa. Naomba mnisikilize kwa sababu mnajadili maisha yangu.

Nilikuja na treni, zaidi ya kilomita 1,200, nikiwa na begi na jina la mtu ambaye alishaacha kupokea simu. Nilidhani Dar kuna mahali utafundishwa. Mlioko huko mnafikiri Dar ni shule, kumbe Dar ni soko, na sokoni hakuna anayekusubiri uive. Walionipokea waliniuliza kitu kimoja: unajua nini sasa hivi? Nikacheza, nikapata kazi nyuma ya msanii.

Sasa sikilizeni kazi ya densa ilivyo. Unalipwa kwa shoo, mazoezi ya wiki nzima hayana hela. Hatua unazobuni wewe zinaitwa za msanii. Video ikitoka jina la prodyuza lipo, la mwongozaji lipo, la aliyemvalisha msanii lipo, lako hakuna. Ukiumia goti, wiki ijayo amesimama mwingine pale pale, amevaa nguo uliyovaa wewe.

Kilichonitoa ni igizo. Nilikuwa kwenye kikundi huko Kigoma, tulikuwa tunaigiza mashuleni na vijijini, kwa hiyo kusimama mbele ya watu na kusema sikuogopa. Siku moja kwenye tamthilia walihitaji msichana wa kuanguka kwenye ngazi, na aliyekuwepo aliogopa. Nikasema naweza. Densa anajua kuanguka, unalegeza mwili na kutanguliza bega. Nikaanguka mara kadhaa mpaka mwongozaji akaridhika, kisha akaniuliza: unaweza na kusema? Nikasema. Tangu hapo naitwa. Si kila mwezi, na si nafasi kubwa, lakini jina langu linapita mwishoni, na mama yangu amelisoma.

Kwa hiyo kaka mwenye studio ana haki kuwa watu wanakujua kwa kitu kimoja. Lakini mimi ningekuwa na kile kimoja tu, ningekuwa nimesharudi Kigoma na goti bovu. Msikimbilie huku mkiwa wabichi. Na mkija, njooni na karatasi: mkataba, hata wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema siku, hela, na jina lako litaandikwa wapi.

MZEE, TABORA

Nimeingia kidogo tu. Hapa Tabora tulikuwa na Tabora Jazz, tulikuwa na Nyanyembe Jazz, na nchi nzima ilizisikia kupitia redio bila kuhamia Dar. Kwa hiyo anayesema mtu wa bara hawezi kusikika akiwa kwao, hajui tulikotoka.

Lakini vijana, chungeni mali. Kwenye bendi vyombo vilikuwa vya bendi au vya mwenye bendi. Mwanamuziki akitoka, anatoka na mikono yake. Nyimbo alizotunga zikabaki zinapigwa, yeye yuko nyumbani hana hata gitaa. Hicho kikundi mnachokisifu, andikeni mapema nani mwenye spika, nani mwenye nyimbo, nani mwenye jina.

MTOA MADA

Mzee, shikamoo ya wote tunakupa wewe. Hoja ya jina ni kubwa. Wachekeshaji wa Ze Comedy walipotoka televisheni ya EATV kwenda TBC, jina likawa na mgogoro, wakalazimika kujiita Orijino Komedi. Wale walikuwa tayari wanajulikana nchi nzima. Fikiria kikundi cha Buzebazeba hapa mjini ambacho klipu zake ziko kwenye akaunti ya mtu mmoja mwenye simu nzuri. Akikasirika, kazi ya wote imekwenda naye.

Na dada yetu wa Dar, sheria haijakusahau kabisa. Sheria ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki, na hiyo hakishiriki inamgusa anayeonyesha kazi: mwimbaji, mwigizaji, mchezaji. Lakini haki isiyoandikwa kwenye makubaliano yenu ni ngumu kuidai. Mwaka 2018 Mwakyembe, aliyekuwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na kati ya waliokuwa wakizungumzwa ni Mzee Majuto, gwiji kabisa wa vichekesho, akiwa mgonjwa. Kama yeye alifikia hapo, mtoto wa Gungu atasalimika vipi bila karatasi? Nimtaje Majuto kwa lingine pia: aliishi Tanga mpaka mwisho, na kamera zilimfuata au yeye akazifuata na kurudi kwao.

Sasa pendekezo langu, mlipinge au mliunge mkono. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Tunaona vikundi vya bodaboda, vya mafuta ya mawese, vya ufugaji. Kikundi cha sanaa kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti benki, kiombe kama wengine. Kianzie kwa Afisa Utamaduni, kijisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kisha kiombe kamera moja na spika. Mwaka 2012 Kigoma All Stars, wasanii wenye asili ya Kigoma waliojiunga pamoja, walituimbia wimbo uliotutoa machozi ya fahari, lakini wengi wao maisha yao ya kazi yalikuwa Dar na walirudi huko. Kigoma tulibaki na wimbo. Nataka safari hii tubaki na vifaa na walimu.

MDAU WA UJIJI

Hapo kwenye mikataba na ulinzi wa mabinti nimekubali, na nitabandika mlangoni mwa studio yangu kwamba aliye chini ya miaka 18 harekodi bila mzazi. Kwenye fani bado nasema kijana awe na moja ya mbele.

Ila mkopo unanitia hofu. Mkopo ni deni. Mwenye mawese anakamua na kuuza. Kikundi cha sanaa masika harusi zinapungua, mwezi wa Ramadhani hakuna shoo, na mashirika yanalipa yanapotaka. Rejesho la mwezi halisubiri. Wakishindwa, ofisi itasema wasanii ni wababaishaji, na kundi litakalokuja baada yao halitasikilizwa.

MTOA MADA

Hofu yako ni ya haki, na siwezi kuijibu kwa maneno. Wenye vikundi mlio humu, fungueni madaftari. Leteni hesabu ya mwaka mzima: kazi zipi zililipwa, mwezi gani, kiasi gani, na nani mlimfanyia kazi kwa mkopo na hajawalipa hadi leo. Kamera ikikodishwa kwa wapiga picha wa harusi siku ambazo hamrekodi, inaingiza ngapi hapa Kigoma? Wa Kasulu na Kibondo mseme bei zenu, maana najua si sawa na za mjini. Tukiziona hizo namba ndipo tutajua tuombe mkopo wa kiasi gani, au tuanze na kibubu chetu wenyewe kwanza.