Naomba ushauri: nakala za ripoti za zamani kwenye Reporting Services

Jambo wandugu, poleni na kazi.

Depo moja tunayoihudumia hapa Lubumbashi ilikuwa inahifadhi kila mwezi nakala ya ripoti ya mizigo inayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya SQL Server Reporting Services, programu ya Microsoft ya kutengeneza na kuhifadhi ripoti. Serva ile imekufa. Bekapu ya ReportServer, yaani hifadhidata ya programu hiyo, tunayo, ila faili la ufunguo wa usimbaji (unaofungua data zilizofichwa mle, kama nywila) hakuna anayejua liko wapi. Fundi aliyeifunga mitambo alishahamia Kolwezi na simu yake haipatikani.

Nimerudisha bekapu kwenye mashine nyingine. Katika jedwali la Catalog majina ya ripoti yapo, na katika History naona hata tarehe za nakala. Lakini ukurasa wa ripoti haufunguki, unalalamikia ufunguo. Kuzitengeneza upya haiwezekani, maana data za 2021 zilishafutwa, na mkaguzi wa hesabu anataka zilezile za wakati ule.

Nikifuta maudhui yaliyosimbwa ili serva iwake, nakala za History zitabaki, au zitaondoka pamoja na nywila? Na kuna aliyewahi kuzichomoa moja kwa moja kwenye jedwali la Segment, linaloshika maudhui yenyewe? Mimi mle naona baiti tu, na patroni anataka PDF, si maelezo.

Aksanti sana.